Mzani wa elfu thelathini wa Kariakoo, na bondia anayetafuta kilo 71

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta kwanza. Sh 30,000, Kariakoo, mitaa ya nyuma ya Msimbazi. Muuzaji alianzia 45,000, nikaaga, nikafika mlangoni, akaniita "mzee wangu, rudi tuongee". Ni mzani wa kidijitali wa kupanda kwa miguu: kioo kinene juu, skrini ndogo yenye namba nyekundu, na boksi linasema unabeba hadi kilo 180 na unasoma kwa hatua za gramu 100. Jina lililoandikwa kwenye boksi sitalitaja, na wala halitakusaidia, kwa sababu mzani huohuo niliukuta duka la pili ukiwa na jina jingine na duka la tatu ukiwa hauna jina kabisa.

Sikuununua kwa ajili ya kitambi changu, ingawa kitambi kipo na kimeshapimwa. Mchana mimi ni fundi pikipiki Manzese. Jioni nashika pedi kwenye jimu ya ngumi za ridhaa upande wa Mabibo, na daftari la uzito wa vijana liko mikononi mwangu. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayetaka mzani umwambie kama bondia ana 71.0 au 71.3. Wewe unayetaka kujua tu kama umenenepa tangu Ramadhani, mzani wowote utakutosha, na unaweza kuishia hapa.

Gramu mia tatu zina nini? Kwenye ngumi za kulipwa, zile zinazojaza kumbi hapa mjini, bondia anapima uzito siku moja kabla. Akishapiga picha za kukodoleana macho anakwenda kunywa supu, analala, na kesho yake anapanda ulingoni akiwa ameongezeka kilo kadhaa. Ridhaa haina huruma hiyo. Kwenye mashindano ya kimataifa unapima asubuhi ya siku ya pambano lako. Ukishinda, siku ya pambano linalofuata unapima tena. Ukizidi, hakuna kulipa faini na hakuna promota wa kukutetea: umetolewa, mpinzani anapita bila kurusha ngumi, na nauli ya ndege iliyokufikisha huko imepotea bure.

Ndiyo maana shaba ya Kassim Mbundwike pale Birmingham mwaka 2022 mimi naipa uzito mkubwa kuliko wanavyoipa watu. Michezo ya Jumuiya ya Madola, kilo 71. Dhahabu ya uzito ule ilikwenda kwa Aidan Walsh wa Ireland ya Kaskazini, fedha ikachukuliwa na Tiago Muxanga, jirani yetu wa Msumbiji. Yusuf Changalawe naye akaleta shaba kwenye kilo 80. Nilisikia watu vijiweni wakisema "shaba tu". Wasichojua ni kwamba kwenye ngumi hakuna pambano la kugombea nafasi ya tatu. Wote wawili wanaotolewa nusu fainali wanapewa shaba, kwa sababu si haki kumrudisha ulingoni mtu ambaye ametoka kupigwa. Kwa hiyo wale vijana wawili walishindana mpaka nusu fainali, na kila asubuhi ya pambano walipanda mzani na mzani ukawakubali. Tanzania nzima ilirudi na medali tatu mwaka ule, na ya tatu ilikuwa fedha ya Alphonce Simbu kwenye marathoni. (Birmingham na sisi tuna mambo yetu. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili kwenye mji huohuo, ila hiyo ilikuwa ngumi ya kulipwa, na mimi leo niko kwenye ridhaa.)

Ukutani, juu ya pale tunapoweka mzani, nimeandika kwa chaki majina mengine mawili ya Michezo hiyohiyo ya Jumuiya ya Madola. Titus Simba, Edinburgh 1970, fedha, uzito wa kati. Fainali alikutana na John Conteh wa Uingereza, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Na Michael Yombayomba, Kuala Lumpur 1998, kilo 54, dhahabu. Vijana wetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Sasa wakisubiri zamu ya kupima wanayasoma, watake wasitake.

Uzito wa kilo 71 wenyewe umekuwa wa kuja na kuondoka. Uliingia Olimpiki mwaka 1952 kule Helsinki, László Papp wa Hungaria akauchukua, akaurudia Melbourne 1956. Seoul 1988 ndio uzito ambao Roy Jones Jr. wa Marekani alimtwanga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi zote, halafu majaji wakampa Park. Baada ya Sydney 2000 Olimpiki ikaufuta. Paris 2024 ukarudi, na dhahabu akaivaa Asadkhuja Muydinkhujaev wa Uzbekistan. Chini yake pale Paris kulikuwa na kilo 63.5, yaani pengo la kilo saba na nusu, na bondia wa kilo 67 alikuwa hana kwake: ama ajinyime mpaka akonde, ama apande akapigane na majitu. Tumeanza kuzoea, World Boxing, shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa, wakapanga upya madaraja kuanzia 2025: sasa ni 65, 70, 75. Kilo moja imeondoka. Kwa kijana anayeishi kwenye 73 na kushuka mpaka 71, hiyo kilo moja ya nyongeza ni ngumu kuliko zile mbili za kwanza. Kijana wetu ambaye jimu nzima inamwita "Sabini na Moja" bado tunamwita hivyo, lakini daftarini nimeshamwekea mstari mwekundu kwenye 70.

Basi, mzani.

Kabla yake tulikuwa na ule wa mshale, wa plastiki, ambao ukiinama kusoma namba inabadilika, ukisimama inabadilika tena. Vijana walijua pa kukanyaga ili wawe wepesi. Tulijaribu pia wale vijana wa barabarani wenye mzani na kipaza sauti kinachopiga kelele "pima uzito, pima urefu". Bei ni ndogo, lakini kila mmoja ana kilo zake. Zahanati jirani kuna mzani mzuri wa kusukuma chuma kwenye mkono, na muuguzi ni mtu mwema, ila huwezi kupeleka mabondia kumi na zaidi wamevua mashati kwenye foleni ya kina mama wenye watoto wa kliniki.

Mzani mpya nilipofika nao, kocha mkuu aliuliza swali moja tu: "Umejuaje kama unasema kweli?" Swali zuri. Nikaenda soko la Tandale kwa muuza nafaka wa jumla ninayemtengenezea pikipiki. Mzani wake una stika ya Wakala wa Vipimo, na yeye ni mtu wa kuogopa faini, haendekezi lumbesa. Akanipimia mchele kwenye viroba viwili mpaka ukasoma 71 kamili, tukafunga, nikapakia kwenye pikipiki mpaka jimu. Mzani wangu ukasema 71.2. Nikashusha, nikapandisha: 71.2. Nikageuza viroba: 71.2 tena. Kwa mzani wa bei hii nimeridhika, na zaidi nimefurahi kwamba unakosea kwa kuzidisha. Mzani unaokudanganya kwamba wewe ni mzito utakunyima chapati moja. Unaokudanganya kwamba wewe ni mwepesi utakutoa kwenye mashindano.

Mchele tuliurudisha, mtu asije akauliza.

Lakini hayo ni baada ya kumaliza suala la sakafu. Jioni ya kwanza niliuweka pale penye zulia la mpira tunapofanyia tumbo, ukampa mtu mmoja kilo 66, kisha 64, kisha 67. Nikaugeuza, nikachukua bisibisi (ni kazi yangu, siwezi kuona skrubu nikaiacha). Ndani ni kitu rahisi: kila mguu wa mzani una kihisio chake, vinne kwa jumla, nyaya nyembamba kama nywele zinakwenda kwenye kibao kidogo cha umeme katikati. Kibao kinajumlisha vinne hivyo. Miguu ikizama kwenye kitu laini, sehemu ya uzito inakwenda kwenye zulia na hesabu inapotea. Dawa yake ni sakafu ngumu na iliyonyooka. Sakafu yetu ya saruji ina mabonde, kwa hiyo nilimwomba fundi wa vigae kipande kimoja kikubwa kilichobaki kwenye kazi yake, nikakilaza kwa mchanga na saruji kwenye kona. Mzani haukai pengine. Na ukiuhamisha, usiupande moja kwa moja; ugonge kidogo kwa mguu, usubiri usome 0.0, ndipo upande. Hilo halipo kwenye karatasi ya maelekezo, au kama lipo limeandikwa kwa Kichina.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike, kwa sababu sijaona muuzaji anayelisema.

Huu mzani unakumbuka.

Kijana wetu alipanda akawa 71.3. Akavaa fulana mbili, akaruka kamba kama nusu saa kwenye joto letu hili la Februari ambalo hata ukikaa tu unalowa. Akajifuta, akapanda: 71.3. Akaenda haja ndogo, akarudi: 71.3. Uso ukamshuka. Mimi nikatazama lile dimbwi la jasho sakafuni, nikajua kuna mtu anadanganya na si kijana. Nikampandisha bondia wetu mzito, wa kilo 92. Kisha nikamrudisha yeye: 71.0.

Kinachofanyika ni hiki. Watengenezaji wa mizani ya bei rahisi wanajua mteja akipima mara mbili mfululizo na kuona namba mbili tofauti atasema mzani mbovu. Kwa hiyo wameufundisha mzani utunze namba ya mwisho, na ukipandwa tena na uzito unaokaribiana na ile, tofauti ya gramu mia mbili au tatu, urudishe namba ileile ya mwanzo. Mteja anaona "ah, mzani makini". Kwa mtu wa kitambi hiyo haina madhara. Kwa bondia ni sumu, kwa sababu sisi tunaishi ndani ya hizo gramu mia tatu. Kijana anaweza kujikausha bure, anatema mate kwenye kopo, hanywi maji, wakati uzito ameshaupata tangu saa moja iliyopita. Na bondia aliyekauka anaingia ulingoni na miguu mizito na kichwa kisichostahimili. Tena wanaume kwenye mashindano makubwa hawavai kofia ya kinga tangu 2013, na kwenye kilo 70 na 71 mtu anapiga kwelikweli, glovu za aunsi 12 au zisizo za aunsi 12.

Ukitaka kujua kama mzani wako una tabia hii, jipime, shuka, subiri uzime, kisha panda tena ukiwa umeshika kikombe cha maji. Namba isipobadilika, umeshaujua. Kuukwepa si kazi: kati ya kupima na kupima, weka kitu chenye uzito tofauti kabisa. Sisi tuna dumbeli ya kilo kumi pembeni. Unaiweka, inasoma, unaitoa, ndipo bondia anapanda. Nimeiandika hiyo nayo ukutani, chini ya Yombayomba.

Kuna mwingine wa bei ya juu kidogo, wenye programu ya simu, ambao muuzaji alinibembeleza sana niuchukue. Rafiki yangu wa jimu ya Temeke anao. Unaunganisha na simu, inakuambia mafuta, maji, mifupa na "umri wa mwili". Upuuzi. Unapitisha umeme kidogo sana kwenye nyayo na kukisia mengine yote kutokana na hapo, na mwili uliopungukiwa maji unapitisha umeme vibaya, kwa hiyo bondia aliyekonda kwa ajili ya pambano anaambiwa amenenepa. Programu ilimwambia kijana mmoja wa kilo 51, ambaye ni mfupa na hasira, kwamba apunguze vyakula vya mafuta. Bakini na simu zenu.

Faida moja ambayo sikuitegemea ni wepesi wake. Tuna mabinti wanne jimu, na zamani kupima kwao ilikuwa shida, maana mzani wa mshale ulikuwa palepale katikati ya wanaume na wao wanapima wamevaa nguo zote, kisha sisi tunakisia nguo zina uzito gani. Mzani huu dada anayewasimamia anauchukua kwapani, anauingiza kwenye chumba cha nguo ambako nako nimeweka kipande cha kigae, wanafunga mlango, anatoka na namba. Hata kwenye mashindano yenyewe wanawake hupimwa na maofisa wanawake, kwa hiyo ni vizuri wazoee. Mmoja wao alikuwa anajua ni wa kilo 54. Kumbe nguo na kanga zilikuwa zinamwongezea, na uzito wake halisi unamweka daraja la chini yake.

Kasoro nyingine ni ndogo ndogo. Skrini inazima haraka mno. Ukiwa na macho yangu, mpaka uvae miwani imeshazima. Kioo kikiloa jasho kinateleza, weka kitambaa kavu jirani. Betri zikianza kuisha, haukuambii mapema: unaanza kwanza kuyumba gramu mia nne, mia tano, ndipo siku mbili baadaye unaandika "Lo". Ukiona vijana wote wamenenepa siku moja, badilisha betri kabla hujamtukana mtu.

Kuhusu duka. Ni dogo, limejaa blenda na pasi mpaka darini, kijana muuzaji ana adabu na anakuamkia. Alinikubalia nifungue boksi na kupanda mzani palepale, jambo ambalo maduka mawili ya jirani yalikataa, moja likiniambia "mzee, ukifungua umenunua". Risiti ya EFD nililazimika kuiomba mara mbili. Dhamana ni ya mdomo, "ukisumbua uje wiki hii", kwa hiyo fanya majaribio yako ya mchele ndani ya wiki hiyo.

Ningempa nani ushauri aununue? Klabu ya ridhaa isiyo na pesa, ndiyo, bila wasiwasi, mradi mjue habari ya dumbeli na kigae. Bondia anayejifanyia mazoezi nyumbani, ndiyo. Lakini wiki ya mashindano mzani huu usiwe wa mwisho kumsikiliza. Sisi tunawaacha vijana gramu 300 chini ya daraja kwa mzani wetu, kisha wanahakikisha kwenye mzani wa majaribio unaowekwa ukumbini kabla ya ule rasmi. Chama cha mkoa, au yeyote anayeandaa mashindano, asithubutu kuleta kioo cha elfu thelathini mezani na kuuita mzani rasmi. Nimeona hilo likifanyika, na nimeona kijana akirudishwa nyumbani kwa gramu mia mbili ambazo mzani wa zahanati haukuwa nazo. Pale unahitajika ule wa kusukuma chuma au wa kidijitali wa hospitali, uliokaguliwa. Nimeuliza bei ya uliotumika, ni mara nyingi ya huu wetu, na kocha mkuu ameanzisha mchango. Mimi nimeandikisha fedha za plagi mbili na kubadilisha mnyororo, mteja akilipa.

Betri zilizokuja ndani ya boksi zitupe mapema. Nunua za alkalaini, zile ndogo za rimoti, mbili tu zinatosha.